Jibu: Mbona moshi unakuja na kukata?

Mkuu, umeuliza mbona moshi wa tanuri la chokaa hapo jirani yako Tanga unakukaba dakika moja, kisha hewa safi, na tanuri halijazimwa. Upepo ndio unaouchezesha huku na huku kama mkia wa tiara. Ukiwa karibu, unakupiga au unakukosa kabisa. Hata ndani yake kuna mabonge mazito na mianya mitupu. Mbali zaidi vinachanganyika. Mchana jua likipasha ardhi, hewa inapanda na kushuka, basi vurugu tupu.

Ndiyo maana wastani wa moshi wa siku nzima unaficha mengi. Kwa dioksidi ya salfa, gesi kali inayoweza kuwemo kwenye moshi kama huo, WHO (Shirika la Afya Duniani) wanapendekeza isizidi maikrogramu 40 kwa mita ya ujazo kwa saa 24, ila kwa dakika 10 ni 500. Mwenye pumu (mie mmojawapo) anabanwa na hizo dakika.