Baridi ipewe kazi ndani ya shairi

Swali la wiki liliuliza kama theluji na majira ya baridi bado yana jipya katika ushairi wa leo, au yamebaki mapambo tu. Mimi nasema yana jipya pale baridi inapomfanya mtu kitu. Ikiwekwa kuashiria huzuni au kifo basi, msomaji analimaliza shairi kabla hajafika ubeti wa pili.

Mfano wangu ni Louise Glück, Mmarekani aliyepata Nobel ya Fasihi mwaka 2020. Diwani yake ya 1992, The Wild Iris, imo ndani ya bustani ya Vermont, jimbo la Marekani ambako theluji hufunika ardhi kwa miezi. Humo maua yanasema, mtunza bustani anaomba, na Mungu anajibu, mara nyingi kwa ukali. Katika shairi la "Snowdrops" msemaji ni ua dogo jeupe linalochomoza baridi ikiwa haijaisha. Linamwambia msomaji kwamba kama anajua kukata tamaa, basi majira ya baridi anapaswa kuyaelewa. Halikutegemea kupona, udongo ulilikandamiza. Sasa linaamka, linakumbuka namna ya kuchanua, na linaogopa. Hapo ndipo penye ufundi: ukiacha jina la shairi, theluji haimo hata chembe. Majira tunayahisi kutoka chini, kwa uzito wa udongo. Na furaha inapoingia, hofu haifukuzwi.

Tomas Tranströmer wa Uswidi, Nobel ya 2011, ni mkavu zaidi. Katika shairi lake moja la 1962, Februari maisha yamesimama, miti imempa msemaji mgongo, na kina cha theluji kinapimwa kwa mabua makavu. Mabua yale yananitosha kuliko machozi ya kurasa kumi.

Wapo watakaosema haya hayatuhusu sisi wa masika na vuli. Kweli, mimi nakaa Moshi, na theluji yangu ni ya Kibo, ya kutazama kwa mbali, tena inazidi kupungua. Lakini mkulima aliyewahi kupanda mvua zikachelewa hahitaji kufundishwa hofu ya ua lile.

Kinachonichosha ni shairi la Kiswahili linaloazima theluji ya kwenye sinema ili kuonyesha upweke. Mwandishi wake atupe kipupwe cha Julai huku kwetu, ukungu umeng'ang'ania migomba hadi saa nne na mbuzi wamegoma kutoka bandani.