Kikombe cha Hagi kikivuja usikirudishe dukani

Jamani kama umeletewa zawadi ya kikombe cha udongo cha Hagi, subiri kwanza usikimbilie kumimina chai. Mi nilisomea mkoa wa Yamaguchi, Japani, Hagi ni mji wa pwani huko huko, nikajinunulia kimoja kwa bei ya kuumiza, nimefika chumbani nimetia chai, kuja kukiinua naona daftari lote limelowa. Nikajua nishapigwa.

Kumbe ndo kilivyo. Udongo wa kule una chembe nene na hauchomwi kwa moto wa kuukaza kabisa, kwahiyo unabaki na vitundu, yaani kama mtungi wa bibi unavyotoa jasho. Halafu ile ngozi ya kung'aa juu ina nyufa kama nywele, chai inapenya humo na kuacha rangi. Wenyewe wanasema Hagi hubadilika mara saba.

Sasa fanya hivi. Kiloweke maji safi usiku kucha. Kikizidi kuvuja, kitie kwenye sufuria ya uji mwepesi wa mchele, moto mdogo, kisha kiache kipoe humo humo, wanga utaziba. Changu kilitaka mara mbili. Kukausha ndo usifanye haraka, mi nilikifungia kabatini kikiwa na unyevu, wiki moja tu kikaota ukungu na harufu ya tambara bovu. Maikrowevu sahau.

Na ujue umeshika nini. Mwaka 1600 bwana mkubwa wa kivita, Mōri Terumoto, alikuwa upande ulioshindwa kwenye vita vya Sekigahara, akanyang'anywa sehemu kubwa ya ardhi, 1604 akahamia Hagi. Bakuli zake za chai zilifinyangwa na ndugu wawili Wakorea, Yi Jak-gwang na Yi Gyeong, walioletwa Japani wakati Hideyoshi, mtawala wa Japani, alipoivamia Korea kuanzia 1592. Yi Gyeong akapewa jina la Saka Kōraizaemon na kizazi chake kikaendelea kulirithi. Dukani watakusifia utulivu wa bakuli, habari ya watu kutolewa kwao kwa vita wanaipitia juu juu.

Watakwambia pia lile pengo dogo kwenye kitako cha bakuli za Hagi lilikatwa makusudi ili bakuli ionekane mbovu na raia wa kawaida waruhusiwe kuitumia. Hadithi tamu, ila mi siinunui, bakuli za Korea zilikuwa na pengo hilo kabla.

Changu kina miaka minne. Kilikuwa cheupe kama maziwa, saa hizi upande ninaonywea tu ndo umegeuka rangi ya chai ya maziwa.