Jibu kwa kaka kuhusu mabango, na kuhusu binti yake anayetaka kuja Ujerumani

Kaka yangu, shikamoo.

Umeuliza mambo mawili kwenye kundi la familia, na kwa kuwa wengine nao wanasubiri jibu, nawajibu wote. La kwanza, kwa nini mimi niliyekuja Berlin kutafuta riziki naonekana kwenye picha nimebeba bango pamoja na wanawake weusi wenzangu. La pili, kama umruhusu binti yako, anayemalizia masomo ya Kijerumani, aje huku kufanya kazi ya uuguzi.

Ubaguzi upo, na mara nyingi huja kimyakimya. Unapiga simu kuulizia nyumba ya kupanga, ukishataja jina lako unaambiwa imekwisha kuchukuliwa, na saa hiyohiyo rafiki yako mwenye jina la Kijerumani anapangiwa siku ya kwenda kuiona. Mgonjwa anakataa kuhudumiwa na muuguzi mweusi, na msimamizi, badala ya kumkanya, anamhamisha muuguzi. Katika utafiti wa Afrozensus wa mwaka 2020, ulioshirikisha zaidi ya watu 6,000 wenye asili ya Afrika, zaidi ya asilimia 90 walieleza kwamba hushikwa nywele bila kuombwa ridhaa.

Juu ya hayo, yapo yanayompata mwanamke kwa sababu ni mwanamke. Aliyekuja kwa kibali cha ndoa kwa kawaida hutakiwa awe ameishi na mumewe hapa miaka 3 ndipo apate haki ya ukaazi inayojitegemea, na wapo wanaume, Wazungu na hata wa kwetu, wanaoutumia muda huo kumtisha mke kwamba akithubutu kwenda polisi atarudishwa kwao. Sheria hiyohiyo inampa anayepigwa nafuu ya kutongoja miaka hiyo ikamilike, lakini wengi hawalijui hilo mpaka waelezwe na mwenzao. Mahali wanapoelezwa ni kwenye mikutano yetu ya Jumamosi, ambako mmoja anasukwa, mwingine anasoma kwa sauti barua ya ofisi ya wageni na kuifasiri sentensi baada ya sentensi, na watoto wanakula ndizi za kukaanga chumba cha pili. Hiyo ndiyo siasa unayoniuliza, kaka, na mimi siioni aibu.

Tena kazi hii haikuanza na sisi tuliokuja juzi. Walioianza ni wanawake weusi waliozaliwa hapahapa, wengi wao wakiwa wamelelewa katika nyumba za Wazungu bila kumjua mweusi mwingine hata mmoja. May Ayim, mshairi aliyezaliwa Hamburg mwaka 1960 kwa baba Mghana, alikuwa mmoja wao. Mwaka 1984 mshairi wa Marekani, Audre Lorde, alikuja kufundisha katika Freie Universität hapa Berlin, akawahimiza watafutane na waandike habari zao wenyewe. Kufikia mwaka 1986 walikuwa wamekwisha kuunda chama chao, ADEFRA, maana katika vyama vya wanawake Wazungu suala la rangi lilikuwa likiwekwa kando. Hata leo wapo ndugu zetu wa kiume wanaotuambia tungoje kwanza ubaguzi wa rangi uishe ndipo tuzungumzie vipigo vya majumbani. Hatutangoja.

Matunda yapo, ingawa huchelewa. Mwaka 2020 Berlin ilipitisha sheria inayomwezesha mtu kudai fidia akibaguliwa na polisi, shule ya umma au ofisi ya mji. Mwaka 2021, baada ya miaka mingi ya shinikizo, mtaa mmoja wa Neukölln, hapahapa Berlin, uliokuwa na jina la Wissmann, yule Mjerumani aliyeongoza vita dhidi ya watu wa pwani yetu na ambaye chini yake Abushiri alinyongwa Pangani mwaka 1889, ulipewa jina la Lucy Lameck wa Moshi, muuguzi aliyegeuka mwanasiasa na kuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza katika Bunge na serikali yetu. Nimesimama chini ya kile kibao nikalia.

Sikufichi kwamba tunachoka. Wengi wetu hufanya kazi hii bila malipo baada ya zamu za usiku, na wengine wamejitoa kwa sababu mwili umekataa.

Kuhusu binti yako, nasema aje, mradi asije kuishi peke yake na mawazo yake. Akibaguliwa kazini aandike siku, saa na majina ya walioshuhudia, kwa sababu sheria ya Ujerumani ya mwaka 2006 dhidi ya ubaguzi inampa mlalamikaji miezi 2 tu ya kuwasilisha madai yake. Na kabla hajatia saini mkataba wowote, anitumie nakala. Mikataba mingine ya wauguzi ina kifungu kinachomtaka arudishe gharama za kumleta akiacha kazi mapema, na katika kikundi chetu yupo dada anayeijua vizuri mikataba ya namna hiyo. Nimekwisha kuzungumza naye, amekubali kuusoma.