Uliza Fundi: Mwembe Umeanguka, Mashine ya Kuchanjia Kuni Ninunue?

SWALI: Assalaam aleikum Fundi. Upepo wa Kusi juzi umetuangushia mwembe wa zamani hapa uwani, na mvinje wa jirani nao umelala juu ya ukuta wetu. Mimi napika pilau na biriani za arusi, kwa hivyo kuni ni gharama yangu ya kila wiki. Kijana wangu ameona mtandaoni mashine ya umeme ya kuchanjia magogo, ya tani 7, ananiambia mama tununue hii tuchanje wenyewe, mwaka mzima hutanunua kuni tena. Ninunue ama ni pesa za kutupa?
*Mpishi wa Arusi, Kisauni*

JIBU: Waaleikum salaam mamangu, na pole ya mwembe. Usinunue. Mti mmoja hauleti faida ya kununua mashine, tafuta ya kukodi siku moja mbili, na kabla hujakodi kuna mambo ya kutazama hapo uwani.

La kwanza kabisa ni nyaya za stima. Kama kuna tawi limegusa waya, asisogee mtu wala mtoto, piga simu Kenya Power 97771 usubiri waje, hata wakichelewa subiri. La pili, ule mvinje ni wa jirani, umeanguka kwako lakini kuni ni zake mpaka aseme mwenyewe, ongeeni mapema msije mkagombana kwa sababu ya ukuta na kuni pamoja.

Haya, sasa mwembe. Mwanao ameambiwa tani 7 akaona ni nguvu za ajabu, lakini angeuliza pia mashine inapokea gogo la ukubwa gani. Nyingi za umeme za aina hiyo zinachukua gogo la urefu wa sentimita 50 hivi na unene wa sentimita 25 hivi, basi. Shina la mwembe wa zamani linapita sentimita 60 bila shida, kwa hivyo hata kuingia haliingii. Matawi ndiyo yatakayoingia. Kwa shina utataka mashine ya petroli ya tani 20 na kuendelea, zile zinazosimamishwa wima ukaliviringisha gogo mpaka chini yake bila kulibeba.

Lakini mimi ningekwambia shina usilichanje kabisa! Kama limenyooka na halina uozo ndani, muite kwanza fundi wa mitumbwi ama seremala alitazame, mwembe ndio mti ambao mitumbwi mingi ya huku pwani inachongwa, na pesa ya gogo zima inaweza kukununulia kuni nyingi kuliko zile ambazo ungezipata ndani yake. Mtu anachukua gogo zuri la mwembe anapikia maharagwe, mimi roho inaniuma. Matawi sawa, chanja, ila utomvu wake unawasha ngozi za baadhi ya watu, kwa hivyo vaeni mikono mirefu na glavu.

Mvinje ndio kuni, kama jirani atakubali. Moto wake ni mkali, unashika hata kabla haujakauka sawasawa, na hauringi mahali pa kuota, ndio maana walipoanza kupanda miti kwenye yale machimbo ya simiti pale Bamburi mwaka 1971 mvinje ulikuwa miongoni mwa ya mwanzo. Shida yake moja, ukikauka unakuwa mgumu kama chuma, kwa hivyo uchanjeni ungali mbichi, msiuache ukae miezi halafu ndio mtafute mashine.

Kuhusu kazi yenyewe. Mashine hii haipigi kama shoka, inasukuma, ni kama jeki ya gari iliyolazwa: mota inapiga oili ndani ya silinda, pistoni inatoka polepole inalibana gogo kwenye kabari mpaka lipasuke. Kwa sababu inakwenda polepole watu wanaidharau, na hapo ndipo vidole vinapokwenda. Nyingi zina swichi mbili, mkono mmoja huku na mwingine kule, makusudi ili mikono yote iwe mbali na kabari. Sasa utaona vijana wanafunga swichi moja kwa mpira wa ndani wa baiskeli, ati mmoja ashike gogo na mwenzake abonyeze. Ukiona mpira umefungwa, toa, na kazi isimame. Mtu mmoja anaweka gogo na huyohuyo anaendesha, wengine wapange kuni pembeni. Na yule wa pawasoo akate ncha za magogo ziwe bapa, gogo lenye ncha ya mshazari linateleza kwenye kabari linaruka.

Gogo likiwa na kifundo cha tawi likakwama, usiendelee kubonyeza, sekunde tano zikipita bila kupasuka achilia, ligeuze, anza kupunguza pembeni kidogo kidogo kama mtu anavyomenya muhogo. Kuna pia skrubu ndogo ya kutolea hewa kwenye zile za umeme zinazolala, inalegezwa kabla ya kuanza na inakazwa wakati wa kusafirisha, na mwenye kukodisha mara nyingi hakwambii. Ekstensheni iwe fupi na waya wake mnene, milimita mraba 2.5, ukitumia ule mwembamba wa tivii utapata moto na mota itakuwa haina nguvu. Token usiogope, mashine ya wati 2,200 ikifanya kazi saa nzima bila kupumzika inakula yuniti 2 na kidogo.

Zikishachanjwa pangeni juu ya matofali, mabati juu, pembeni wazi upepo upite. Usizitupe chini, mchwa wa Kisauni hawasubiri. Kuni za Kusi ukizipanga vizuri zitakuwa tayari Kaskazi ikiingia, na utajua kwa kuzigonganisha, kavu inalia kwa sauti kali na mbichi inatoa mlio mzito tu. Za kuchemshia supu ya pilau chanjeni nene, nyembamba ziwe za kuwashia, na za mvinje weka akiba kwa ajili ya makaa ya kupalia.

SWALI: Fundi mambo, huku Likoni upepo umeangusha minazi yetu kadhaa, hiyo mashine inaweza kuichanja?
*Kijana wa Likoni*

JIBU: Poa kaka. Haiwezi, ama tuseme itakutesa. Mnazi ni nyuzi tupu, kabari inaingia inakwama katikati na gogo halifunguki. Sehemu ngumu ya chini pasueni mbao ama boriti, na kwa kuwashia moto vifuu na makumbi vinatosha. Ila magogo msiyaache yaoze shambani, kwa sababu chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe, huzaliana humo halafu anapanda kula minazi iliyobaki.

SWALI: Tumekodi mashine ya petroli, inaenda mbio halafu ikigusa gogo inapunguza mwendo, saa nyingine inasimama kabisa, na kuna oili inatoka sijui wapi.
*Wa Changamwe*

JIBU: Kupunguza mwendo ni kawaida, pampu nyingi za petroli zina hatua mbili, haraka bila nguvu halafu polepole kwa nguvu. Kusimama kabisa ndio si kawaida, rudisha pistoni mpaka mwisho, zima, pima oili, ikiwa na povu kuna hewa na ikiwa nyeupe kama maziwa imeingia maji. Kuhusu kuvuja, USIPAPASE PAIPU KWA MKONO mashine ikiwa inafanya kazi. Oili ile ina presha ya kutoboa ngozi, utaona kitundu kama cha sindano na hakiumi sana lakini ndani nyama inaharibika, hiyo ni ya kukimbilia hospitali saa hiyohiyo na kuwaambia ni oili ya haidroliki. Tumia kipande cha boksi kutafuta panapovuja, na mwenye mashine abadilishe hiyo paipu kabla hujamlipa.