Je, Tujijengee Tuta la Mtaani?

SWALI: Mhariri, assalaam aleikum. Mimi ni bibi mwenye wajukuu wanne, nakaa Majengo. Tangu barabara yetu iwekwe lami, magari na tuktuk huifanya njia ya mkato ya kukwepa foleni, na hukimbizwa mno. Juzi alasiri mjukuu wangu akienda chuoni kusoma Kurani alikoswakoswa na gari, hata juzuu ikamtoka mkononi ikaanguka barabarani. Vijana wa mtaa wanataka kumwaga zege usiku watengeneze tuta. Je, tuwaache?
Bibi wa Majengo, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam, bibi. Tunamshukuru Mungu kwamba mtoto yu salama. Uchungu wa vijana hao ni wa haki, lakini nakuomba uwazuie, kwa sababu tuta lililomwagwa usiku bila vipimo wala rangi humwangusha mwenye bodaboda gizani pamoja na abiria wake, na huzuia maji ya mvua yakaingia majumbani.

Kinachotakiwa ni kasi ipungue, na hapo hesabu yenyewe inatisha. Sheria ya Kenya inaruhusu kilomita 50 kwa saa mjini. Dereva anayekwenda 50 akimwona mtoto, katika sekunde moja ya kushtuka gari limeshakwenda mita 14 kabla mguu haujagusa breki. Anayekwenda 30, barabara ikiwa kavu, huwa amekwisha kusimama kabisa baada ya mita 13 hivi. Yaani pale ambapo gari la pili limetulia, la kwanza bado liko katika mwendo wake wote. Ndiyo maana Azimio la Stockholm, la mkutano wa mawaziri wa dunia kuhusu usalama barabarani wa Februari 2020, lilitaka kasi isizidi 30 mahali ambapo watu na magari huchanganyika.

Hata hivyo, kibao chenye namba 30 peke yake hakitamzuia mtu mwenye haraka. Ukienda Mji wa Kale utaona madereva wakijikokota bila kuambiwa na askari, kwa kuwa njia ni nyembamba, kona hazionyeshi mbele, na mabaraza yenye watu yamefika ukingoni. Lami pana iliyonyooka kama yenu humwita dereva akanyage mafuta. Kwa hiyo ombeni umbo la barabara libadilishwe: kivuko kilichoinuliwa mbele ya chuo, kona zibanwe kwa mawe ya ukingoni ili gari lisiweze kuikata kwa kasi, na magari yasiegeshwe karibu na kona, maana mtoto mfupi anayechungulia baina ya magari mawili haonekani mpaka awe ameshatoka.

Kama ningechagua jambo moja tu, ningeomba ncha moja ya barabara iwekwe vigingi, wapite watu, baiskeli na mikokoteni ya maji, lakini gari lisipate njia ya kutokea upande wa pili. Wenye maduka huenda wakalalamika, nanyi wasikilizeni; gari la mzigo bado litaingia na kugeuza. Litakaloondoka ni lile lisilo na shughuli na mtaa wenu.

Kwa Katiba ya 2010, barabara za kaunti pamoja na mambo ya usafiri na maegesho yake ni kazi ya serikali ya kaunti, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi katika bunge la kaunti. Pelekeni mapema, kwa kuwa mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bungeni humo kabla ya Septemba kuendelea. Wape vijana daftari badala ya zege: wakae barazani siku tatu, alasiri watoto wanapokwenda chuoni na magharibi wanaporudi, wahesabu magari yanayopita na watoto wanaovuka, kisha karatasi hizo ziambatanishwe na ombi pamoja na saini za wazazi, mwalimu wa chuo na wenye maduka.