Mbao za dawa kwenye banda la kuku: kabla hujashika msumeno

Banda langu la kwanza liliinama upande mmoja kabla halijamaliza mwaka wa pili, na mbao zilikuwa za dawa kweli. Kosa lilikuwa langu. Nguzo zilinizidi urefu, nikazipunguza kwa msumeno, kisha ile ncha niliyoikata ndiyo nikaichimbia ardhini. Tulipoing'oa nguzo moja, nje ilikuwa ya kijani na ngumu kama siku niliyoinunua. Ndani, mchwa walikuwa wamejaza udongo mtupu.

Dawa, hata ikisukumwa kwa presha kiwandani, haifiki moyo wa mti. Paini hunywa dawa vizuri kwenye nyama yake ya nje, ila moyo hupokea kidogo sana. Kila unapokata umemfungulia mchwa mlango. Basi ncha ya kiwandani iende chini, uliyoikata ikae juu, chini ya bati, na uipake dawa ya mbao mara mbili tatu kabla ya kupigilia.

Dukani mwombe muuzaji akate ubao mmoja, si pale mwishoni, bali futi moja hivi kuingia ndani, maana ncha hunywa dawa kuliko katikati. Akisita, mwambie huo utaununua wewe. Ukikuta kijani ni utando tu mwembamba kama ganda la yai, hapo uwezekano mkubwa ubao umepakwa dawa kwa brashi tu, haukusukumiwa kwa presha.

Usikimbilie rangi. Mbao hizi mara nyingi hutoka na maji, utazijua kwa uzito. Zipange kivulini, uweke papi (vipande vyembamba vya mbao) katikati ili hewa ipite, usubiri wiki kadhaa, na wakati wa masika zaidi ya hapo. Kisha dondoshea tone la maji: likikaa juu kama shanga, bado. Likinywewa, chukua brashi. Mimi napenda rangi ya mbao inayopenya kuliko vanishi, kwa sababu vanishi juani hubanduka magamba. Jaribu kwanza kwenye kipande, maana kahawia juu ya kijani hutoa rangi usiyoitarajia. Oili chafu ya gari, ambayo mafundi wengi tunaipenda kwa urahisi wake, siiweki kwenye banda. Inachafua manyoya na ina mabaki ya vyuma vya injini.

Misumari iwe iliyopakwa zinki. Shaba iliyomo kwenye dawa hula chuma kitupu.

Kuku hudonoa kila kitu, na dawa nyingi za kijani zina shaba, kromi na arseniki. Kichanja cha kulalia, viota na kihori cha chakula nafanya kwa mbao isiyo na dawa. Maranda ya mbao za dawa hayafai kuwa matandiko, wala vipande vyake si kuni, kwani moshi na jivu lake ni sumu. Jirani aliwahi kuja kuniomba vipande akapikie maharage, nikamnyima. Nilimweleza sababu, lakini mpaka leo salamu zake kwangu ni za nusu.