Bastola mbili, mkono uleule

Swali la wiki hii limeuliza hivi: kwa sisi tunaoishi Marekani na kumiliki silaha kihalali, bastola ya kulinda nyumba na ile ya kutembea nayo ziwe za aina moja au kila moja ichaguliwe kwa kazi yake? Mi nipo Houston, Texas, na jibu langu ni zifanane, tena zifanane sana, ila sio lazima kwa ukubwa, zifanane kwa namna zinavyofanya kazi mkononi. Watu wengi wanachanganya hivyo vitu viwili ndo maana nimeamua kuandika kirefu.

Chukua mtu ana Beretta 92 chumbani, ile ambayo jeshi la Marekani liliichukua mwaka 1985 likaiita M9, hafu kiunoni anabeba bastola ya mtindo wa 1911 ambayo ndo M9 ilikuja kuipokea kazi jeshini. Zote nzuri, zote zina heshima yake. Sasa angalia sefti, kile kifungo cha kuzuia isipige. Ya Beretta iko juu kwenye slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma), ukiishusha umefunga, ukiipandisha iko tayari kupiga. Ya 1911 iko kwenye fremu na ni kinyume kabisa, juu umefunga, chini unapiga. Kidole gumba ni hichohicho, hofu ni hiyohiyo, na kila bastola inakitaka kiende upande wake. Triga, yaani kifyatulio, nazo kila moja na lake, Beretta risasi ya kwanza unavuta triga ndefu nzito hafu ya pili inakuja fupi na nyepesi, 1911 zote fupi na nyepesi toka ya kwanza. Yeyote aliyezoea kuendesha Dar akaja kuendesha huku anajua, unataka kuwasha indiketa unawasha waipa, na hapo umetulia zako redio inaimba hakuna mtu anayekuvunjia mlango. Saa tisa usiku umekurupuka usingizini mkono hautaulizana na kichwa, utafanya ulichozoea kufanya.

Ndo maana mimi na mume wangu wote tuko kwenye ukoo mmoja, Glock za 9mm. Ya nyumbani ni Glock 17, ile kubwa yenye mtutu wa inchi 4 na nusu hivi na magazini (kile kibebeo cha risasi kinachoingia kwenye mpini) ya risasi 17, ina taa imefungwa chini ya mtutu. Yeye anatembea na Glock 19 ambayo mtutu wake ni inchi 4 na inabeba 15, na mimi Glock 26, ile fupi ya risasi 10. Ukizipanga mezani ni kama mtu na wadogo zake, triga ni ileile, hakuna sefti ya kidole gumba kwenye hata moja, kitufe cha kudondosha magazini kiko palepale, na namna ya kuifungua kusafisha ni ileile. Na hapa kwenye kufungua nisisitize kwa mtu anayenunua Glock mara ya kwanza: ili slaidi itoke lazima uvute triga kwanza. Kwa hiyo magazini itoke, slaidi ivutwe nyuma, utazame chemba (pale inapokaa risasi iliyo tayari kupigwa) kwa macho na uingize kidole kabisa kuhakikisha hamna kitu, mtutu uelekee pahala salama, ndo uguse triga. Watu wamepigwa risasi jikoni kwao wenyewe kwa kuruka hiyo hatua moja.

Kuhusu magazini kuna kitu kizuri sana ambacho wengi hawakijui. Ile ndefu ya 17 inaingia kwenye 19 na inaingia kwenye 26, inaning'inia chini kidogo lakini inapiga bila shida. Kinyume chake haiwezekani, ya 26 ni fupi mno haifiki kujifunga ndani ya 17. Sa ukijua hilo magazini za akiba unanunua ndefu tu, zinatumika kokote. Ila usidanganyike na jina, Glock 43X na 48 zilizotoka 2019 ni nyembamba na magazini zake haziingiliani kabisa na hizi, nimeona watu wananunua 43X wakiamini wameshapata mdogo wa 19 yao.

Sio kwamba nafanyia kampuni matangazo. SIG P365 ya 2018 nayo ina ukoo wake, ile XL magazini yake ya risasi 12 inaingia kwenye ndogo, ukipenda hiyo basi baki humohumo. Ninachokataa ni ule ushauri wa kila silaha kwa kazi yake unaoishia mtu ana rivolva ya risasi tano kwenye pochi, Beretta chumbani na kitu kingine garini, na hakuna hata moja anayoijua vizuri.

Sasa wadada naomba mnisikilize. Ukiingia dukani na mume wako muuzaji atamwonyesha yeye bastola, wewe atakuletea kijitu kidogo cha rangi rangi cha risasi za .380 (dhaifu kuliko 9mm), eti cha mkono wa mwanamke. Bastola ikiwa ndogo na nyepesi ndo inarusha mkono zaidi, saiti (zile alama za kulengea) zinakuwa karibu karibu kosa dogo la kulenga linakuwa kubwa mbele, na springi za vingine ni ngumu mpaka slaidi hairudi nyuma. Vibastola vya namna hiyo ni vya mtu aliyekwisha kufuzu, sio vya anayeanza. Anza kujifunzia kubwa, hiyohiyo ya nyumbani, inatulia mkononi, ukishaizoea ile fupi ya ukoo wake haitakushangaza. Kama tatizo ni nguvu za vidole, labda mama yako unaishi naye na ana baridi yabisi, hapo ndo nakubali kuvunja sheria yangu mwenyewe, Smith & Wesson wana Shield EZ ambayo slaidi yake inavutika kirahisi sana, yeye apewe hiyo yake na asiguse zenu.

Hafu ubebaji wenyewe. Holsta (mifuko ya kubebea bastola) nyingi zimetengenezwa kwa mtu aliyevaa suruali na mkanda mgumu, sisi wengine siku nyingi tupo na dera au gauni la kitenge. Pochi siipendi kabisa kwa sababu pochi inanyakuliwa, pochi unaiweka chini kanisani na watoto wanatafuta pipi humo. Mimi navaa mkanda mpana wa tumboni chini ya nguo, wenye holsta ya plastiki ngumu inayofunika triga yote, ule wa kitambaa kitupu usinunue maana kitu chochote kinaweza kusukuma triga kupitia kitambaa, na Glock kama nilivyosema haina sefti ya kidole ya kukuokoa. Na taa usiifunge kwenye bastola ya kubeba kabla hujaangalia holsta, holsta ya 19 yenye taa na ya 19 isiyo na taa ni vitu viwili tofauti.

Risasi nazo ziwe za aina moja. FBI wenyewe baada ya miaka mingi ya .40, risasi nene zaidi, walirudi kwenye 9mm, na 2016 wakaichagua Glock. Za mazoezi ni zile za kawaida zenye kichwa cha duara, za kujilindia ni zile zenye tundu kichwani zinazotanuka zikigonga mwili, na kipimo cha FBI zinatakiwa ziingie kwenye jeli ya majaribio kati ya inchi 12 na 18. Chagua moja, hafu ipigishe kwenye bastola zote mbili, isije ikawa kubwa inaimeza vizuri na fupi inakwama. Ni ghali najua lakini heri ikwame renji, kwenye uwanja wa shabaha. Na kama kila jioni unatoa ile risasi iliyo chembani na asubuhi unairudisha hiyohiyo, itazame ukiiweka pembeni ya mpya, utaona kichwa kimeanza kuzama ndani ya ganda. Hiyo usiipige, presha inapanda, itenge pembeni na ukaulize renji wanazipokea wapi.

Apatimenti zetu kuta ni jipsamu tupu, na risasi yoyote ya bastola, hata hiyo yenye tundu, ukikosa inapita mpaka kwa jirani. Sa kabla hujafikiria ukubwa wa bastola simama mlangoni pa chumba chako ujiulize nyuma ya kila ukuta amelala nani. Sisi tumekubaliana wote tunaishia chumba kimoja na watoto, mlango unafungwa, 911 inapigwa, hakuna anayezunguka nyumba kutafuta mwizi. Na ile taa ya kwenye bastola sio tochi ya kuangalizia nani yuko sebuleni, maana ukimmulika mtu umeshamwelekezea mtutu, na huenda ni mwanao ameamka kunywa maji. Tochi ya mkononi iwepo pembeni.

Watoto ndo jambo linaloninyima raha kuliko yote. Sheria ya Texas iko wazi, bastola iliyo tayari kupiga ikimfikia mtoto wa chini ya miaka 17 kwa uzembe wako unashtakiwa, lakini hata bila sheria hiyo jamani ni mtoto. Kila bastola iwe na kisanduku chake cha kufungua kwa namba, kilichofungwa kwa skrubu au nyaya sio kimekaa tu juu ya kabati, na namba za visanduku vyote ziwe zinabonyezwa kwa mtindo mmoja kwa sababu ileile ya vidole. Ile ya kubeba ukifika nyumbani ama iko mwilini ama iko kwenye kisanduku, hakuna juu ya friji wala chini ya mto.

Na kabla hujanunua chochote angalia karatasi zako. Mwenye grinkadi anaweza kununua, atajaza fomu 4473, ile ya kununulia silaha dukani, kama raia. Lakini mwenye viza ya mwanafunzi, ya kutembea au ya kazi ya muda sheria ya shirikisho inamkataza kumiliki bunduki na hata risasi, kuna milango michache tu ya kutokea mfano leseni halali ya kuwinda. Kwa hiyo shangazi amekuja kutembea kwa viza, usimpeleke renji apige picha ameshika bastola, unamtia matatani yeye na wewe. Texas toka tarehe 1 Septemba 2021 mtu wa miaka 21 asiye na katazo anabeba bila leseni, ila mi nashauri leseni ichukuliwe tu, majimbo mengi yanaitambua na darasa lake utajua mabango ya kukataza silaha milangoni, kama lile la asilimia 51 kwenye baa, yaani sehemu inayoingiza asilimia 51 au zaidi ya mapato yake kwa pombe ya kunywea hapohapo. Ukivuka jimbo soma upya kila kitu, Colorado toka 2013 magazini mwisho risasi 15 kwa hiyo ile ndefu ya 17 inabaki nyumbani, New York mwisho ni 10 na leseni ya Texas hawaitambui kabisa.

Mwenye hela ya bastola moja tu asisubiri ya pili, anunue ya saizi ya 19, inatosha kiunoni na inatosha nyumbani, ni dola 500 na kitu, hafu hela iliyobaki iende kwenye kisanduku, darasa na boksi za risasi za mazoezi. Ya pili itakuja baadae, na ikija iwe ya ukoo huohuo.